Ukoo wa sheria huanzia kwa karani na mzee wa baraza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala mliyoitoa juu ya ukoo wa Rallis wa Ugiriki, ukoo uliozaa wanasheria na mawaziri wakuu kizazi hata kizazi. Nimeisoma kwa makini, kisha nikampa binti yangu, ambaye ni wakili hapa Dodoma, naye akaisoma. Wakubwa wa ukoo ule wametajwa vizuri. Kilichonifanya nishike kalamu ni yale maneno ya mwishoni, kwamba mila ya sheria hurithiwa katika nyumba zenye maktaba, na kwamba sisi watu wa mikoa ya kati, watoto wa wafugaji na walima uwele, hatuna urithi wa namna hiyo wa kuwaachia vijana wetu wanaosoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama za mwanzo tangu ujana hadi kustaafu, nikahamishwa Mpwapwa, Kongwa na Bahi. Marehemu baba yangu alikuwa mzee wa baraza, yaani mmoja wa wazee waliokaa na hakimu kuamua mashauri. Binti yangu anasimama Mahakama Kuu. Urithi huo ninaujua kwa kuuishi, na nimesoma vya kutosha juu ya Wagiriki kuweza kusema kwamba hata kwao haukuanzia pale makala ilipoanzia.

Makala ilianza na Georgios Rallis, aliyezaliwa mwaka 1804. Ni kweli alikuwa mtu mkubwa. Alifundisha sheria za biashara katika Chuo Kikuu cha Athens, kilichofunguliwa mwaka 1837, na akafika kuwa rais wa Areios Pagos, mahakama ya juu kuliko zote nchini mwao. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo. Ndiyo Areopago ya Matendo ya Mitume sura ya 17, mahali Paulo aliposimama akawaeleza watu wa Athene habari za Mungu asiyejulikana, na miongoni mwa walioamini akatajwa Dionisio Mwareopago, yaani mjumbe wa baraza la pale. Mahakama ya leo imechukua jina la baraza lile la kale la kilimani. Georgios Rallis na mwenzake Michael Potlis ndio waliokusanya kanuni za Kanisa la Kiorthodoksi zikachapwa katika vitabu sita, kati ya mwaka 1852 na 1859. Mwana wa Rallis huyo, Dimitrios, mwanasheria, alikuwa waziri mkuu mara tano. Mjukuu wa Georgios, Ioannis, akapita njia hiyo hiyo. Kitukuu, aliyerudishiwa jina la Georgios, alisoma sheria akawa waziri mkuu kuanzia 1980 hadi 1981.

Kwa Ioannis makala ilipita mbio, na haikustahili. Huyu alikubali kuwa waziri mkuu chini ya Wajerumani walioikalia nchi yake, tangu Aprili 1943 hadi Oktoba 1944, na serikali yake ikaunda vikosi vya Wagiriki vya kuwawinda Wagiriki wenzao waliokuwa wakipigana na mkaliaji. Vita ilipokwisha alishitakiwa, akahukumiwa kifungo cha maisha, akafia gerezani mwaka 1946. Babu yake alikuwa amekalia kiti cha juu kabisa cha mahakama, baba yake ameongoza nchi. Maktaba ya nyumbani haikumsaidia kujua la kufanya. Nalitaja hili kwa sababu kijana wa Chamwino au Manyoni anayesoma makala ile asidhani kuwa kuzaliwa katika ukoo wa namna hiyo kunampa mtu haki moyoni mwake.

Tuache wakubwa sasa, tuangalie kilichokuwepo kabla ya 1804.

Akina Rallis walihesabiwa miongoni mwa watu wa Phanar, mtaa wa mji wa Constantinople, unaoitwa leo Istanbul, mahali yalipo makao ya Patriaki wa Kiorthodoksi. Watu wa mtaa ule walipandaje hadi wakawa koo kubwa? Hawakuwa na jeshi, na walitawaliwa na Sultani wa Waturuki kama Wagiriki wengine wote. Walipanda kwa kalamu na kwa ukalimani. Tangu mwaka 1661 mpaka vita ya uhuru wa Wagiriki ilipolipuka mwaka 1821, Sultani aliwatoa humo wakalimani wake wakuu, watu wa kukaa kati yake na mabalozi wa Ulaya, wa kusoma barua zilizoingia na kuandika zilizotoka. Kutoka ukalimani wakapewa kutawala majimbo ya Moldavia na Wallachia, na huko ndiko waliko­toa vitabu vya sheria, kimoja mwaka 1817 na kingine 1818, miaka mingi kabla ya Chuo Kikuu cha Athens kuwepo. Kwa hiyo chini ya majoho ya majaji wale yuko mkalimani, na yuko karani.

Kazi hiyo mimi naijua. Hakimu analetwa Mpwapwa kutoka Mbeya au Bukoba, Kiswahili chake safi, Kigogo hajui hata salamu. Anaingia bibi kutoka kijiji cha mbali, Kigogo ndiyo lugha yake pekee, na shauri lake ni la mbuzi wa mahari ya mjukuu aliyefiwa na wazazi. Kati yao anasimama karani. Bibi anaeleza kwa kuzunguka, anaanzia kwa ndoa ya dada yake, anapita kwenye ukame, anafika kwenye mbuzi mwishoni kabisa, na kila alichopitia kina sababu ya kuwepo. Karani akikata maneno ili hakimu asichoke, mtoto yatima anaweza kupoteza mifugo yake yote bila mtu yeyote kusema uongo. Nilijifunza kuyabeba maneno yote, hata yale yaliyoonekana ya pembeni. Hakuna chuo kilichonifundisha. Nilifundishwa na karani aliyenitangulia, naye alifundishwa na mwingine wa enzi za mahakama za wenyeji za Mwingereza, watemi walipokuwa wakikaa kitini.

Sheria yenyewe je, ile waliyoikuta akina Rallis? Mwaka 1345 jaji mmoja wa mji wa Thessaloniki, Konstantinos Armenopoulos, aliona sheria za wafalme wa zamani zimekuwa nyingi na zimetawanyika, akazifupisha katika kitabu cha sehemu sita. Wagiriki wanakiita Hexabiblos. Karne moja baadaye, mwaka 1453, Waturuki wakauteka mji mkuu, Constantinople, na dola ile ya Wagiriki ikafa. Kitabu hakikufa. Sultani aliwaachia viongozi wa kanisa waamue mambo ya ndoa na mirathi ya Wakristo, na maaskofu wakakitumia hicho. Vijijini na visiwani kulikuwa na wazee waliochaguliwa na watu wao, waliokusanya kodi na kusuluhisha migogoro, nao walihukumu kwa desturi za mahali. Mwaka 1744 kitabu cha Armenopoulos kilichapwa Venice katika Kigiriki cha watu wa kawaida, ili kieleweke na mtu asiyesoma lugha ya zamani. Kwa karibu miaka mia nne, basi, sheria ya Wagiriki ilishikiliwa na maaskofu, makarani wao na wazee wa vijiji. Hapakuwa na kitivo cha sheria, wala chama cha mawakili, wala jengo la mahakama.

Nchi ilipopata uhuru, mfalme wao wa kwanza, Otto, aliletwa kijana kutoka Bavaria, na washauri wa Kijerumani wakaja naye. Mmoja wao, Georg Ludwig von Maurer, bingwa wa sheria, angeweza kuleta sheria za Ujerumani akazitandaza pale. Badala yake alituma maswali mikoani yauliziwe desturi za watu: nani anarithi nini, mahari inatolewa vipi, malisho yanagawanywa namna gani. Tarehe 23 Februari 1835 ikatoka amri kwamba kitabu cha Armenopoulos kitumike mahakamani mpaka itakapotungwa sheria mpya ya kiraia, lakini desturi iliyozoeleka kwa muda mrefu, au iliyokwisha kuthibitishwa na hukumu za mahakama, itangulie kitabu. Hiyo sheria mpya ilianza kutumika tarehe 23 Februari 1946, miaka 111 kamili baadaye. Muda wote huo jaji wa Athens mwenye shahada ya Ujerumani alilazimika kuuliza: wazee wa kisiwa hiki wanasemaje?

Na visiwa vilikuwa na mambo yao. Kisiwa cha Karpathos, kwa mfano, mali ya baba ilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na mali ya mama, nyumba na mashamba, ikaenda kwa binti wa kwanza. Mtu wa Dodoma akisikia hivyo anaketi vizuri kusikiliza, maana mirathi ya mabinti ni shauri ambalo halijawahi kukosekana katika daftari langu.

Hapa niseme jambo ambalo wapenzi wa mila hawapendi kulisikia. Kuandika desturi si lazima kuilinde haki. Sisi nasi tuliandika. Mwingereza alimtuma Hans Cory akusanye sheria za makabila, na baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ikatangaza sheria za kimila zilizojengwa juu ya kazi hiyo, zitumike katika wilaya nyingi za Bara. Kilichokuwa kinajadilika chini ya mti kikawa kifungu chenye namba. Kifungu kilisema mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini hawezi kuiuza. Desturi hai wazee huweza kuilegeza wanapomwona mjane mbele yao. Kifungu hakimwoni mtu. Ilibidi mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya atamke kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba yetu. Ilikuwa kesi ya mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, akashitakiwa na mtoto wa ndugu yake. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imeshika kifungu kama kilivyo, mama akashindwa. Huko juu akapata haki yake. Nawaheshimu wazee wa baraza, na ndiyo sababu nataka yaandikwe waliyoyafanya kweli, pamoja na yale waliyoyakosea wanawake.

Kuna kisa kimoja cha Ugiriki ambacho ningependa kila hakimu mpya akisimuliwe, na makala haikukigusa kwa kuwa wahusika wake hawakuwa wa ukoo ule. Mwaka 1834, mji wa Nafplio, ndani ya jengo lililokuwa msikiti na baadaye likawa bunge la kwanza, alishitakiwa Theodoros Kolokotronis, mzee wa vita aliyeongoza mapigano ya uhuru, pamoja na mwenzake Dimitrios Plapoutas. Shitaka lilikuwa uhaini. Watawala wa Kibavaria walimwogopa. Majaji walikuwa watano. Watatu wakasema auawe. Wawili wakakataa: Anastasios Polyzoidis, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa mahakama ile, na Georgios Tertsetis wa kisiwa cha Zakynthos. Walisema ushahidi hautoshi. Walitakiwa watie sahihi hukumu ya wengi, wakakataa. Walitakiwa warudi ukumbini hukumu isomwe, wakakataa. Waziri wa Sheria akaita askari wenye singe, wakaburutwa hadi kwenye viti vyao, wakakalishwa kwa nguvu hukumu ikisomwa. Kisha wao wenyewe wakashitakiwa, wakashinda. Kolokotronis alipunguziwa adhabu ikawa kifungo, na mwaka uliofuata mfalme alimsamehe.

Sitaki kuishia kwenye ushujaa. Angalieni alichofanya Tertsetis baadaye. Kolokotronis alikuwa na elimu ndogo sana ya kusoma na kuandika, na kichwani mwake kulikuwa na vita nzima, majina, mabonde, mapatano na ugomvi wa makapteni. Mwaka 1836 Tertsetis alikaa naye, mzee akasimulia, jaji akaandika kama alivyosikia. Kumbukumbu zile zinasomwa Ugiriki mpaka leo. Jaji aliyekataa kumwua mzee alirudi kuwa karani wake. Mimi naona hapo ndipo ulipo mzizi wa mila ya sheria ya taifa lile, kuliko kwenye orodha ya mawaziri wakuu.

Na Dodoma tumewahi kuona jaji akisimama peke yake. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu ya hapa hapa, huyo huyo Jaji Mwalusanya aliwakuta washitakiwa wawili na hatia ya mauaji, na badala ya kuwahukumu kunyongwa akasema adhabu ya kifo inavunja Katiba, akawapa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kumdhalilisha mtu, ila ikaona Katiba yenyewe inairuhusu kwa maslahi ya umma, hivyo ikairudisha. Mtu anaweza kukubaliana na Mwalusanya au asikubaliane. Lakini kesi ile inasomwa na wanasheria nje ya mipaka yetu, na ilitokea katika mji ambao makala ilisema hauna urithi. Vijana wangapi wa sheria wanaopita mbele ya mahakama ile wameambiwa?

Nirudi kwa wazee wa baraza. Enzi zangu hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hakukaa peke yake. Alikaa na wazee wasiopungua wawili, na hawakuwa mapambo. Kura zao zilihesabiwa sawa na ya hakimu, na wengi wakishinda, ndiyo hukumu. Wazee wawili waliweza kumshinda hakimu, na nimeandika hukumu za namna hiyo kwa mkono wangu. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia mle. Lugha ilikuwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Nitoe shauri moja tu. Mdai alikuwa ameweka mitamba kwa rafiki yake wa kijiji kingine, kama desturi yetu ya kutawanya mifugo ili ukame au ugonjwa usimalize yote mahali pamoja. Miaka ikaenda. Rafiki akafariki, na mwanawe akasema zizini hakuna ng'ombe wa mtu, wale wa kuwekeshwa walikufa zamani. Hakimu, kijana mwadilifu, akauliza kama kuna maandishi. Hayakuwepo. Alikuwa anaelekea kulitupa shauri. Mzee mmoja akaomba kuuliza swali. Akamwuliza mdaiwa: walipokufa, ngozi mlimpelekea nani? Ukumbi ukanyamaza, maana kila mtu mle alijua kuwa mlezi akifiwa na mnyama wa mwenzie humpelekea mwenyewe ngozi na nyama, aone kwa macho yake. Mdaiwa akasema hajui habari za ngozi. Mzee wa pili akaomba mama mzazi wa mdaiwa, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, aitwe na aapishwe. Akamwuliza kwa Kigogo, nami nikitafsiri: katika ng'ombe walioletwa na rafiki wa mumeo, uliyekuwa ukimkamua wewe alikuwa yupi? Mama akamtaja ng'ombe kwa jina lake. Akataja na ndama zake, mmoja mmoja, na nani kati yao alikuwa bado zizini. Mwanawe aliinamisha kichwa. Mama yule hakuwa na nia ya kumwumbua mwanawe. Aliulizwa juu ya ng'ombe aliyemkamua kwa miaka, akajibu kama mtu anayemkumbuka.

Hukumu iliagiza ng'ombe na uzao wao warudishwe, isipokuwa mtamba mmoja uliobaki kwa familia ya marehemu kwa ajili ya malezi. Wazee ndio waliosisitiza mtamba ule ubaki. Hakimu aliniambia tulipokuwa tunafunga ofisi kwamba katika masomo yake yote hakuna aliyemfundisha kuuliza habari za ngozi.

Shauri lile limo katika daftari. Ni yale madaftari makubwa ya mashauri ya madai, yenye jalada gumu na mgongo wa kitambaa, ambayo mtu huyafungua kwa mikono miwili. Safu ya kwanza namba ya shauri, kisha mdai, mdaiwa, kinachodaiwa, tarehe, hukumu, na mwisho safu ya utekelezaji, ambako tuliandika kwa wino mwekundu mali imekabidhiwa lini na mbele ya nani. Ndani ya majalada ya mashauri kuna maelezo ya mashahidi yaliyoandikwa kwa mkono, na chini yake dole gumba la rangi ya zambarau la mtu asiyejua kuandika. Mle kuna vita ya mipaka ya mashamba ya Kongwa, mahari zilizorudishwa na zilizokataliwa, wajane waliofukuzwa, wajane waliorudishwa nyumbani kwa amri ya baraza, mabwawa, visima, mizinga ya nyuki. Mle ndimo ilimo Hexabiblos yetu, na haikuandikwa na mtu mmoja.

Baada ya kustaafu nilipita katika mahakama moja ya mkoa huu, sitaitaja, nikaomba kuliona daftari la zamani kwa ajili ya mtu aliyehitaji nakala ya hukumu. Nilioneshwa chumba cha nyuma. Madaftari yalikuwa yamelundikwa sakafuni, mchwa wamekwisha kujenga kutoka chini, na kurasa safi za mwisho zimechanwa, nadhani kwa matumizi ya ofisi. Karani kijana aliyenifungulia alikuwa na adabu na alisikitika pamoja nami. Siyo kosa lake. Hakuna aliyemwambia kuwa vile ni vitu vya thamani.

Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuifanya Kiswahili lugha ya mahakama, na sasa hata mahakama za juu, zilizozoea Kiingereza tangu ukoloni, zinatakiwa kuandika kwa lugha ya watu. Nilifurahi sana. Yule Georgios Rallis wa mwisho, alipokuwa Waziri wa Elimu mwaka 1976, ndiye aliyeiingiza shuleni lugha inayosemwa na Wagiriki wa kawaida mahali pa lugha ngumu ya wasomi, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya mtu wa ukoo ule. Lakini nasikia majaji na mawakili wakilalamika kuwa hawana mfano wa hukumu nzuri ya Kiswahili, na binti yangu naye hulalamika hivyo hivyo. Mifano ipo. Makarani na mahakimu wa mwanzo wamekuwa wakieleza umiliki, dhamana, udanganyifu na nia kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Imelala sakafuni na mchwa.

Mhariri, makao makuu ya Mahakama ya Tanzania sasa yako Dodoma, katika jengo kubwa ambalo kila mgeni huoneshwa. Ombi langu kwa wakuu waliomo mle ni kwamba madaftari na majalada ya zamani ya mahakama za mwanzo yasiteketezwe wala kuachwa yaoze; yakaguliwe, na yanayofaa yakabidhiwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwa kuanzia na Mpwapwa na Kondoa, ambako mahakama ni za siku nyingi. Kwa walimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wapelekeni wanafunzi vijijini wakiwa na vinasa sauti wakawatafute wazee wa baraza na makarani wakalimani waliobaki, kabla hatujaisha. Wawatafute na kina mama, maana baraza liliongea na wanaume lakini ukweli wa shauri mara nyingi ulikuwa benchi la nyuma. Waulize mashauri waliyoyaamua na sababu zake, waandike kama wanavyosikia, kwa Kigogo, Kirangi au Kiswahili.

Mimi ninalo daftari la marehemu baba, alilokuwa akiandika mwenyewe jioni akitoka barazani: majina ya vijiji, aina ya shauri, na neno moja au mawili ya aliyoona kuwa ndiyo msingi wa hukumu. Niko tayari kulitoa linakiliwe, na niko tayari kukaa na kijana yeyote nimfafanulie mwandiko wake, ambao si rahisi. Anwani yangu unayo. Mtu wa chuo au wa Mahakama akiiomba, mpe.

Karani mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo,
Kikuyu, Dodoma